Udongo wa Ludoviko

Hiki ni kisa cha watu watatu wa nyumba moja, na cha mama aliyetakiwa kumtaja mmoja wao. Sikilizeni mpaka mwisho, maana mwishoni nitawauliza, na mimi mwenyewe jibu sina.

Mama huyo ni Bi Skolastika Mtoi wa Muheza, mjane wa miaka sabini na mitano, magoti yamechoka na macho yameanza kuingia ukungu. Binti yake mkubwa, Redempta, alitoa dawa dirishani kwenye zahanati kwa miaka thelathini, na hakuna mwandiko uliomshinda. Daktari aandike kwa haraka, aandike kwa hasira, aandike kalamu imekauka, Redempta alisoma. Mwanawe wa pili, Fabiani, ni mwalimu wa historia, na kipaji chake ni subira. Huyo hukalia jambo kama kuku anavyoatamia, hata wenzake humcheka. Wa tatu hakuzaliwa katika nyumba ile. Anaitwa Dafroza, mke wa Kizito, kitinda mimba. Kwao ni Kigoma, alilelewa na bibi yake, na bibi alimwachia urithi wa majina. Ukimtajia jina la mtu wa kwao, atakuambia mtu huyo alizaliwa wa ngapi na nani alimtangulia.

Kipaji hicho cha tatu Bi Skolastika hakukijua. Kwa miaka tisa hakuwahi kumuuliza mkwewe swali refu kuliko "umeshakula?" Siku Kizito alipomleta, mama alisema mbele ya wageni, "Mtu wa mbali hivyo, kwao tutapajuaje?" Ndoa ilifungwa, lakini neno lilibaki. Tangu hapo Dafroza alikuja Krismasi na Pasaka tu. Alipika, akaosha vyombo, akarudi Korogwe anakoishi na Kizito.

Na ajabu ni kwamba Bi Skolastika hakujua hata kwao mwenyewe. Baba yake, Ludoviko Mtoi, aliletwa Tanga kwa treni wakati wa vita kuu ya pili, kukata mkonge. Watu wa namna yake waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na karani wa shamba aliita namba kabla ya jina. Aliweka dole gumba kwenye mkataba wa miaka miwili. Akakaa karibu arobaini. Alizaa mtoto mmoja, huyu Skolastika, na ukimuuliza kwao ni wapi alisema, "Treni inapoishia, unaanza kutembea." Zaidi ya hapo alinyamaza.

Alifariki mwaka wa themanini na moja. Asubuhi ile alimshika bintiye mkono, akasema, "Mwambieni mwenzangu nimechelewa."

Mwenzake nani, hakusema. Skolastika alidhani ni rafiki wa kambini. Aliulizia kambini, hakupata mtu. Kisha akawa na watoto wa kulea, na michungwa ya kupalilia, na mume wa kuuguza. Akajiambia atatafuta mwakani. Miaka arobaini ikapita, kila mmoja ukiitwa mwakani.

Mwaka juzi aligundua kwamba ameanza kusahau sauti ya baba yake. Ndipo alipowaita watoto. "Nisife sijamjua baba yangu alikuwa mtoto wa nani," alisema. "Tafuteni."

Fabiani alianza kwenye kompyuta ya shule, baada ya vipindi. Aliandika jina la babu, akaletewa tovuti zinazomkaribisha mtu vizuri, zikamfungulia kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa tatu zikamdai kadi ya benki. Akazifunga. Alitaka za bure, na za bure zipo, ila hazina mlango mpana. Alipitia magazeti ya zamani, ramani za reli, na orodha za vibarua, kote asimpate Ludoviko Mtoi hata mmoja. Mwisho alifika kwenye ukumbi wa mtandaoni wa watu wa kujitolea waliopiga picha vitabu vya ubatizo vya misheni za magharibi, wakaziweka wazi kwa yeyote mwenye ndugu wa kutafuta. Hapakuwa na mahali pa kuandika jina. Zilikuwa picha tu, ukurasa baada ya ukurasa, nyingine zimelala ubavu. Babu aliwahi kusema alibatizwa mwaka wa nzige, naye Fabiani akafungua vitabu vya miaka yote ya nzige, misheni baada ya misheni, kuanzia treni inapoishia. Picha elfu moja na mia mbili. Bando likiisha, alingoja Jumatatu. Baada ya miezi minane alikuwa amepata Ludoviko kumi na mmoja. Alizichapisha kurasa zao, akazipeleka kwa mama Jumatano ya Majivu.

Redempta alizipokea kurasa zile kibarazani, akavaa miwani. Mapadri walioziandika walitumia Kilatini, wakikata maneno nusu, na wino ulikuwa umefifia kama chai ya pili. Siku mbili aliinama pale. Kwa kufuata tarehe, aliwatoa Ludoviko mmoja baada ya mwingine: huyu alikufa mtoto, huyu alizeeka hukohuko akazikwa na misheni, huyu umri wake haulingani na wa babu. Alipofika wa kumi na moja aliona doa pembeni mwa ukurasa, doa ambalo Fabiani alilidhani ukungu wa karatasi. Alilielekeza kwenye jua.

"Hili si doa," alisema. "Ni maneno mawili. *Abiit Tanga*. La kwanza silijui, la pili ni sisi."

Fabiani alimpigia paroko simu. Paroko akasema neno la kwanza maana yake ni "amekwenda zake".

Bi Skolastika alijivuta mbele ya kiti. "Jina lake la nyumbani?"

"Butoyi," Redempta alisoma. "Mwana wa Ruhaga."

Mama aliegemea tena. "Baba yangu ni Mtoi. Huyo ni wa watu wengine. Waliokuja Tanga walikuwa wengi."

"Tungemuuliza mke wa Kizito," alisema Fabiani. "Ni mtu wa Kigoma, kilikotoka kitabu hiki."

Simu ilikuwa mezani, mbele ya mama. "Hakuna haraka," alisema. "Atakuja Pasaka."

Karatasi ikaingia kabatini, chini ya vitambaa vya meza.

Dafroza alikuja Pasaka kama kawaida yake. Alikuwa uani anachambua mchele wakati Fabiani alipomletea ile karatasi ya kabatini. Alifuta mikono kwenye khanga, akaitazama.

"Babu alikuwa pacha?" aliuliza.

Hakuna aliyejua.

"Butoyi ni pacha wa pili, Kurwa na Doto wa kwetu. Huyu ni Doto. Wa kwanza huitwa Bukuru. Ukimwona Butoyi, ujue yuko Bukuru."

Redempta aliichukua karatasi akarudi kwenye mstari wa juu. Palikuwa na mkunjo wa wino uliounganisha mistari miwili, ambao yeye aliudhani ni kalamu iliyoteleza. Juu ya Ludoviko Butoyi paliandikwa Karoli Bukuru. Baba yuleyule, siku ileile.

"Na Mtoi?" aliuliza Bi Skolastika kutoka mlangoni. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amesimama.

"Karani wa hapa alisikia Butoyi akaandika jina alilolizoea, mama," alisema Dafroza. "Hata mimi nilipoolewa nilijua nimeingia kwa kina Mtoi wa Usambara. Sikuwa na la kuuliza."

Kisha akaongeza polepole, "Bibi yangu naye alikuwa pacha. Hakuwahi kumwita ndugu yake kwa jina. Alisema mwenzangu."

Bi Skolastika alitafuta mahali pa kukaa. Mwenzangu. Alikuwa amepita kambi nzima ya mkonge akitafuta rafiki, na baba yake alikuwa akimtaja nusu yake.

Dafroza hakungoja kuambiwa. Kwa jina la Ruhaga na jina la misheni alimpigia mjomba wake, mjomba akampigia katekista, katekista akapanda mlima kwa miguu. Siku ya tisa simu ya Bi Skolastika ililia. Mtu wa upande wa pili alisema anaitwa Gwimo, mwana wa Bukuru.

"Dada," alisema, hali hajawahi kumwona, "tumewangoja sana."

Wakasalimiana kwa kirefu, kama ndugu. Gwimo akamwambia kwamba Bukuru alifariki zamani, na kwamba kila waliporudi watu wa mkonge alikwenda stesheni kutazama nyuso zao.

"Lakini shangazi yetu Anastazia alibaki," alisema. "Mdogo wao. Ni yeye aliyewakumbuka wote wawili. Mgeni yeyote aliyetoka pwani alimuuliza kama amemwona Butoyi."

"Yupo hapo? Mpe simu nisikie sauti yake."

"Dada, tumemzika Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi."

Bi Skolastika alihesabu kwa vidole, kwa kuwa kichwa kilimkatalia. Tangu karatasi ilipoingia kabatini, siku ya pili baada ya Majivu, hadi Jumamosi ile, siku thelathini na sita. Siku thelathini na sita karatasi ililala kabatini, na karibu zote shangazi yake alikuwa hai, na kutoka Muheza mpaka Korogwe simu huita mara mbili tu mtu akapokea. Na kama asingengoja hata karatasi, kama angekaa na mkwewe siku moja kati ya siku za miaka tisa na kumwambia, baba yangu alitoka treni inapoishia, na alipokufa alimtaja mwenzake? Huenda Dafroza angekisia. Huenda asingekisia. Hilo hatalijua.

Gwimo alikuwa hajamaliza. Anastazia aliacha neno. Butoyi akipatikana, hai au mfu, apelekwe alale karibu na mama yake. Kama ni udongo wa kaburi tu, ubebwe na mtu mmoja kwa mikono yake, asipokezane njiani. Na mtu huyo awe yule aliyemrudisha. Huyo atapokewa kama Butoyi mwenyewe, na kiwanja cha Butoyi, ambacho Bukuru alikizungushia ua na hakukubali kilimwe na mwingine, kitakuwa chini ya mkono wake.

"Ni nani kati yenu aliyemrudisha?" aliuliza Gwimo. "Tunataka kumpokea kwa jina."

"Nitakujulisha," alisema Bi Skolastika.

Jumapili iliyofuata waliketi wote. Fabiani alisema yake bila kupandisha sauti. "Mama, nisingefungua zile picha, babu angebaki kwenye kitabu alimolala tangu enzi za nzige. Nilikuwa peke yangu miezi minane. Wenzangu walikuja mezani chakula kikiwa kimeshapakuliwa."

Redempta alimtazama mdogo wake. "Ulituletea Ludoviko kumi na mmoja, Fabi. Kumi na mmoja ni sawa na hakuna. Neno Tanga ulilipita, ukaliita ukungu. Nisingelisoma, tungekuwa tunalilia makaburi ya watu wengine."

"Na ule mkunjo wa mapacha uliuita nini?"

Redempta aliivuta karatasi, akauangalia tena mkunjo ule.

Dafroza alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pake pa miaka tisa. Hakudai kitu. Bi Skolastika ndiye aliyemgeukia, akamwita kwa jina lake, si mke wa Kizito.

"Dafroza, nilisema kwenu hatupajui. Kumbe kwenu ndiko kwetu. Baba yangu alikuwa ndani ya jina, na ni wewe uliyemtoa. Nataka ubebe wewe."

Dafroza alisema, "Mama, ukinipa kwa kuwa nilimrudisha babu, nitapokea. Ila karatasi sikuitafuta, wala sikuisoma. Niliikuta iko tayari. Na kama unanipa kwa ajili ya lile neno la siku ile, mpe mwingine. Hilo niombe radhi kwa mdomo. Usinilipe kwa mifupa ya babu yao."

Bi Skolastika alimwomba radhi, palepale, mbele ya watoto wake, kama alivyomkosea mbele ya watu. Dafroza akamshika mikono, akasema yameisha. Wakalia kidogo. Lakini lile la udongo likabaki pale lilipokuwa, tena gumu zaidi, kwa sababu sasa mama alipoitafuta sababu moyoni mwake hakuweza kutenganisha haki na majuto. Akimtaja Dafroza, je, ni kwa kazi yake au ni kwa aibu yake yeye? Akimwacha, je, si lile neno la kwanza amelirudia kwa njia nyingine? Na hawa wawili aliowazaa, awaambie nini?

Usiku hakuwaza kubeba yeye. Shangazi alisema aliyemrudisha, naye alijua vizuri kwamba yeye ndiye aliyemchelewesha.

Udongo umeshachotwa. Umefungwa kwenye kitambaa cheupe, kiasi cha kujaa viganja viwili vya mtu, na safari ni Ijumaa. Simu imelia tena, ni Gwimo. Amemsalimu dada yake, ameuliza hali ya magoti, na sasa ametulia, anangoja jina.

Yuko Fabiani aliyeupata ukurasa. Yuko Redempta aliyeusoma. Yuko Dafroza aliyeuelewa. Mmoja akitolewa, Butoyi harudi. Nanyi mliosikiliza, simu iko mkononi mwenu: mngemtaja nani?