Kwa Nini Fundi wa Shanga Hakati Uzi wa Mwisho

Wekeni sindano chini. Siwezi kusimulia huku watu wanahesabu shanga midomoni. Na wewe uliyenuna hapo ukutani kwa sababu nimekunyang'anya kisu, sikiliza vizuri, maana habari hii ni yako.

Zamani sana shanga zilitungwa mstari mmoja tu, zikavaliwa, basi. Nakshi zilikaa kwenye vitambaa vya pamba. Hapa bondeni kila mwari alifumiwa kitambaa cha harusi na mama yake mzazi, chenye pindo lisilofanana na la mwingine. Nakshi ile ikionekana kwenye kitu cha mtu mwingine kabla ya harusi, kitambaa kilihesabiwa kimeharibika, na bibi harusi alikaa kusubiri pamba ya mwaka unaofuata. Ndiyo mambo yao, msiniulize nani alianzisha.

Basi alikuwako mfumaji mmoja mjane, Bi Somoe. Alikuwa akimfumia kitambaa binti yake Siwema, na pindoni aliweka nyayo za kware, nyekundu juu ya nyeupe. Katika nyumba hiyo aliishi pia mkwewe Kidawa, mke wa mwanawe Mbonde, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto. Kidawa alikuwa mtu wa maneno machache, na Bi Somoe hakuwaamini watu wa maneno machache. Hata mimi siwaamini, lakini hilo tuliache.

Kwanza alimwona Kidawa akisimama nyuma yake anapofuma, vidole vinachezacheza kama vya mtu anayehesabu nyuzi. Akimgeukia, Kidawa anajitia kufagia. Kisha siku moja Bi Somoe akafungua kasha, akakuta kitambaa kimekunjwa sivyo alivyokikunja yeye. Jambo hilo aliliweka moyoni, akaanza kumtazama mkwewe kwa jicho la pembeni, hata chakula akawa anangoja Kidawa aonje kwanza.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alijinyoosha mkekani akapitiwa na usingizi. Akashtuka kuhisi kitu shingoni. Kufumbua macho, Kidawa huyo, amepiga magoti, ameshika uzi, na uzi umekwisha kumzunguka nusu ya shingo.

"Unanifanya nini?"

"Kulikuwa na sisimizi, mama."

Sisimizi! Na uzi ule ulikuwa na fundo. Ingekuwa ni nyinyi mngelala tena? Bi Somoe hakulala. Aliona mambo yote sasa yamekaa wazi: huyu anataka kumtoa roho, nakshi aipeleke kwao, na Siwema abaki ndani bila harusi. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Asubuhi yake akachukua mtungi, akaaga kwamba anakwenda mtoni. Alifika kwenye kona, akauweka mtungi chini, akarudi kwa mlango wa uani. Akamkuta Kidawa ameketi, kasha wazi, kitambaa mapajani.

Alimvuta mpaka uani, akamwita Mbonde. "Mrudishe mke wako kwao leo hii. Ama yeye, ama mimi." Akalipindua kapu la Kidawa kwa mguu, na kutoka ndani yake kikadondoka kidani ambacho hawakuwahi kuona mfano wake: shanga zimeshikana safu kwa safu, upana wa vidole vitatu, na juu yake nyayo za kware, nyekundu juu ya nyeupe. Bi Somoe alikiokota, akachukua kisu, akakikata katikati. Shanga zikamwagika, kuku wakaja mbio.

Hapo ndipo Kidawa alipolia. Alifungua pindo la nguo yake, akatoa ule uzi wenye fundo.

"Hicho ni kipimo, mama. Umeinamia kitambaa mwaka mzima, na Siwema akiondoka anaondoka nacho. Wewe hubakiwi na kitu. Nilikuwa nakufumia cha kubaki nacho."

"Mbona hukusema?"

"Ungekataa."

Na kweli angekataa. Mbonde akauchukua ule uzi, akamzungushia mama yake shingoni. Ncha ikafika penye fundo sawasawa. Bi Somoe alikosa pa kuweka macho.

Wakati huo majirani walikwisha kusikia kelele, wamejaa mlangoni, wanazitazama shanga na kunong'ona. Mmoja akauliza, "Harusi ipo kweli? Na nani amekata kidani cha watu?"

Kidawa aliinama, akaanza kuokota shanga.

"Nimekata mimi," akasema Bi Somoe. "Nakshi ni yangu, kidani ni changu, na mkwe wangu ndiye fundi wangu. Kitu changu nakikata mwenyewe. Hamna kazi makwenu?"

Wakaondoka. Siku tatu wawili hao walikaa barazani mchana kweupe, mmoja anataja nyuzi za kitambaa, mwingine anatunga. Siku ya nne, kabla bibi harusi hajatoka, kidani kikawa tayari, uzi mmoja tu unaning'inia. Bi Somoe hakuomba radhi, watu wa namna yake hawajui kuomba. Aliinamisha shingo, akafumba macho, akamwacha Kidawa amvalishe. Kisha akashika kisu, akakata ule uzi mwenyewe.

Kuanzia siku ile, fundi anayechukua nakshi ya kitambaa akaitia kwenye shanga hufanya kazi mahali pa wazi, na uzi wa mwisho haukati. Humpelekea mwenye kitambaa akate yeye.

Sasa wewe wa ukutani. Nakshi iliyo kwenye bangili yako naijua, imetoka kwenye kitenge cha mama yako mdogo, na wiki nzima analalamika kwamba kuna mtu anafungua sanduku lake. Kisu hiki hapa. Usikate. Mpelekee yeye.