Ukuta wa Bi Somoe

“Nyumba changa haiipi kongwe kisogo.” Mmeisikia leo kwa mafundi, mkaniuliza imetoka wapi. Basi kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Kilwa Kivinje palikuwa na nyumba kongwe ya mawe, ambayo mvua ilikwisha kulila paa lake. Mwenyewe alikuwa Bi Somoe, ajuza ambaye macho yake yalibaki kuona mwanga tu. Mjukuu wake Mfaume, mjenzi hodari, alirudi kutoka Mtwara na mchoro mkononi. Alitaka kujenga bustanini jengo la kisasa la vioo, lielekee barabarani, vijana wapate mahali pa kusomea. Ile nyumba aliiona imekwisha. Alipanga kukibomoa chumba kikubwa cha nyuma, kinachofunguka bustanini, mawe yake yawe msingi wa jengo jipya.

Bi Somoe hakumkataza. Alisema tu, “Mjukuu wangu, siku ukikibomoa, niite niwepo.”

Siku ilipofika, Mfaume alimwekea bibi kiti, kisha akashika nyundo mwenyewe. Pigo la kwanza, lipu ikapasuka. La pili, bamba zima likaporomoka, vumbi likatanda. Mafundi wakakohoa na kupangusa macho. Vumbi lilipotua, wote wakasogea ukutani.

Chini ya lipu, ukuta mzima ulikuwa vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, safu juu ya safu, vimenakshiwa kwa chokaa maua na majani membamba kama kazi ya kofia ya viua. Ndani ya kimoja lilikaa bakuli la kauri la buluu, zima, halina hata ufa. Jua lilipenya kwenye paa bovu likaangukia pale, na chokaa ikang'aa kama iliyopakwa asubuhi ile.

“Subhanallah,” akanong'ona fundi Chande, akavua kofia.

“Mmeona nini?” akauliza Bi Somoe.

Mfaume akaiweka nyundo chini. Akamshika bibi mkono, akampeleka ukutani. Vidole vya ajuza vikatembea juu ya maua, vikasimama.

“Hiki ni chumba cha mama yangu,” akasema. “Alipofariki, baba hakuweza kukitazama. Akaamuru ukuta wote upigwe lipu. Nilikuwa mdogo mno. Miaka yote nilidhani maua haya niliyaota.”

Mfaume aliitazama nyundo yake. “Nisamehe, bibi. Nilikuwa naubomoa.”

“Mungu hakukuacha uubomoe. Sasa, na hilo jengo lako?”

“Nitalijenga, bibi. Lakini si vile.”

Kwanza waliitengeneza nyumba: boriti mpya za mikoko, chokaa kama ya wazee, na paa. Ndipo likainuka bustanini jengo la vioo, fupi kuliko nyumba, limeielekea. Milango ya chumba ikifunguliwa, anayesoma kule akiinua macho huviona vidaka vyote, na hupitiwa na muda bila kufungua ukurasa.

Siku ya ufunguzi mgeni mmoja akashangaa. “Fundi, jengo zuri hivi, mbona limeigeuzia barabara mgongo?”

Mfaume alikuwa amemshika bibi yake mkono. “Barabara itanivumilia,” akajibu. “Nyumba changa haiipi kongwe kisogo.”

Watu wakaondoka nalo neno hilo. Hadi leo, kijana aliyejenga jirani na wazazi wake akapita bila kuwajulia hali, huambiwa: nyumba changa haiipi kongwe kisogo.