Mlango wa Kwenda Lukande

Sogeeni, na mwenye haraka aketi mbele, maana hadithi hii mimi naisimulia nusu. Nusu ya pili ni yenu.

Katika mji mdogo wa Mbwelo walikuwepo watu watatu. Bi Nyamizi, muuza vitumbua, alijaliwa ulimi. Kobelo, fundi mwashi, alijaliwa mikono. Siwema, msichana aliyekulia kando ya maji, alijaliwa pumzi: akizama, unamkatia tamaa, ndipo anaibuka akicheka.

Mji ule ulikuwa na mto, na haukuwa nao. Lukande ulipita nyuma ya maduka ukisikika tu, hauonekani, kwa sababu kati yake na mji ulisimama ukuta wa Mzee Pazi, mwenye ghala la mbao. Joto lilipozidi, watu walizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watoto walicheza kwenye mtaro wa maji machafu. Vijana walikalia pikipiki zilizozimwa. Wazee walihamisha bao lao kutoka kivuli hadi kivuli. Kila mtu alitaka kwenda mahali, na hapakuwa na mahali. Sheria ilisema ukingo wa mto ni wa wote. Lakini sheria ilikaa wilayani, na ukuta ulikaa hapa.

Sikilizeni kwanza ya Bi Nyamizi.

Shangazi yake Mzee Pazi alifariki. Mzee Pazi ni Mzaramo, Bi Nyamizi ni Mnyamwezi, nanyi mnajua: mtani msibani hakasirikiwi, na akidai hupewa. Jeneza lilipoinuliwa litoke, Bi Nyamizi alijilaza kizingitini, mzima mzima.

"Halipiti!" akasema. "Bibi wa watu kaishi jirani na mto, kafa hajachovya hata kidole. Kazuiwa na nani? Na huyu mchoyo, tumbo kama ngoma ya mdundiko!"

"Mtani, inuka," Mzee Pazi akasema, machozi na kicheko vikigombana usoni mwake. "Nitakupa kanga."

"Kanga ninazo."

"Basi mbuzi."

"Mbuzi mpe mkeo. Mimi nataka mlango kwenye ukuta wako."

"Loo! Babu yako alibebeshwa mizigo toka Tabora, na wewe unataka kunibebea ukuta?"

"Babu aliifikisha pwani bila kupumzika. Mimi nitapumzika papa hapa. Jua linapanda, mtani, na maiti hangoji."

Waombolezaji waliangua kicheko, wakafuta machozi, wakaangua tena. Mzee Pazi akatazama huku, akatazama kule.

"Mlango nimekupa! Ondoka hapo!"

Neno lililotolewa mbele ya maiti halirudi mdomoni. Matanga yalipokwisha, ukuta ulitobolewa.

Mji mzima ulikimbilia mlangoni. Mji mzima ukasimama. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na mteremko wa matope, chupa zilizovunjika na matairi yaliyooza. Aliyeshuka kwa miguu alifika chini kwa makalio. Baada ya siku chache watu walirudi kwenye pikipiki zao na mitaro yao.

Ndipo Kobelo alipowaza mawe yake. Alikuwa ameyakusanya kwa ajili ya msingi wa nyumba ya mama yake, aliyekuwa akiishi chumba cha kupanga. Akaanza kuyapeleka mtoni kwa toroli.

"Na nyumba yangu?" mama akauliza.

"Itasubiri, mama."

"Nyumba haina umri, mwanangu. Mimi ninao."

Kobelo akashika mipini. Alisukuma toroli. Alizoa taka, akachonga mteremko, akajenga ngazi pana na viti vya mawe, akapanda matete pembeni ili yashike udongo. Masika yakaja kwa vishindo, yakapita, ngazi hazikutikisika.

Lakini zilibaki tupu. Ukuta ulikuwa umekaa mno. Kizazi kizima kilikua kikiambiwa kwamba mto unameza watu, na mama aliyeshuka ngazi mbili alimvuta mwanawe mkono, akapanda tena. Siwema hakuvumilia kutazama. Aliacha kujifunza cherehani, akawa kila asubuhi anaingia majini na kuwaita kina mama mmojammoja: "Njoo, dada, mpaka magotini tu. Magoti hayazami."

Siku moja akatokea mwalimu Majura. "Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe," akatangaza, "sifundishwi maji na mtoto." Akaruka. Akapotea. Siwema alipiga mbizi, akamtoa kwa kumshika ukosi wa shati.

"Ukerewe ni kubwa, mwalimu," akamwambia. "Labda kwenu ni katikati."

Ukingo mzima ulicheka, na kicheko kile kikaondoka na hofu. Toka hapo Lukande ukajaa watu. Bao likapata kivuli chake, watoto wakajifunza kuelea, wachumba wakapata pa kukaa bila kununua soda.

Sasa, kando ya mlango pana chumba kimoja, na mlango una ufunguo mmoja. Mzee Pazi alisema atakayeshika ufunguo atakaa chumbani humo, atauza apendacho, na lolote likitokea ataulizwa yeye. Wale watatu walijaribu kushika kwa zamu. Asubuhi moja kila mmoja alidhani mwenzake amefungua, watu wakaota jua nje. Jioni nyingine kila mmoja alidhani mwenzake amefunga, na wezi wakapitia hapo wakaiba mbao za Mzee Pazi.

"Utani una mpaka!" akafoka. "Nichagulieni mtu mmoja leo hii, la sivyo naziba."

Watu wakakusanyika mlangoni, taulo mabegani, wakisukumana.

"Mlango nilipewa mimi," akasema Bi Nyamizi. "Kilichopatikana kwa utani ni cha mtani aliyekidai. Tangu lini kikapigiwa kura?"

Kobelo alisema polepole: "Nyumba ya mama yangu mmeikalia. Sidai mawe. Nadai apate pa kulala."

"Chagueni mnavyotaka," akasema Siwema, maji yakimchuruzika. "Lakini mtu akizama alfajiri, mwenye ulimi atamwita, mwenye mikono atamchimbia kaburi. Nani atamtoa?"

Wengine walipiga makofi kwa huyu, wengine kwa yule, na walewale wakabadili tena. Mzee Pazi amenyoosha mkono, ufunguo uko kiganjani. Nyuma yake kuna rundo la matofali na kibarua ameinama na koleo. Saruji imeshachanganywa, na saruji ikishachanganywa haisubiri kikao kiishe.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, semeni upesi: ufunguo mngempa nani?