Mchomaji Haonji

Ndugu zangu, najua kuna mbuzi pale nje, na wengine humu kanisani mmekuja kwa ajili yake. Msiangalie chini! Moshi umeingia tangu wimbo wa kwanza, na mimi pia nina pua. Basi tuanze na mbuzi.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mwenye wana wawili. Kila Desemba ukoo wote ulirudi nyumbani, na mbuzi alichomwa uani kwa utaratibu ulioachwa na marehemu baba yao: mchomaji haonji. Akitaka kujua kama chumvi imekolea, anakata kipande anamlisha ndugu yake aliye upande wa pili wa moto. Marehemu alisema ulimi uliokula moshi tangu asubuhi hauaminiki.

Sasa wale ndugu walikuwa hawasemeshani. Miaka mitatu! Kisa? Migomba minne iliyoota mpakani mwa mashamba yao. Mama alikuwa anaumia, maana hakuwa na watoto wengine, na alitamani awasikie wakizungumza angali hai.

Desemba hiyo mdogo akaja na jiko kubwa la gesi. "Mama, hili linachoma lenyewe, hadi kengele linayo. Hatuhitaji mtu mwingine."

Mama akalizunguka, akaligongagonga kwa bakora. "Zuri, mwanangu. Na chumvi litamuuliza nani?"

Mdogo akaenda kuwasha kuni. Mama akamfuata yule mkubwa, akamshika mkono, akamsimamisha upande wa pili wa moto kama mtoto anayepigwa picha ya shule.

Saa mbili nzima wanatazama moto tu. Mafuta yanadondoka, moto unalia chwaa, wageni wanameza mate. Mwishowe mdogo akakata kipande cha paja, akanyoosha mkono juu ya moto.

"Kaka, chumvi imekolea?"

Mkubwa akatafuna taratibu, macho kayafumba. "Bado kidogo."

Mdogo akanyunyiza chumvi, akakata tena. "Na sasa?"

"Bado. Hebu nikatie ya ubavuni."

"Kaka, wewe unaonja au unashiba?"

Mkubwa akacheka. Mdogo naye akacheka. Wakaanza kukumbushana baba yao alivyokuwa akificha figo mfukoni, na chumvi ikaendelea kunyunyizwa. Siku hiyo wageni walimaliza ndoo tatu za maji! Lakini mama aliapa hajawahi kula nyama tamu kama ile.

Jioni mdogo akauliza, "Kaka, kweli chumvi ilikuwa bado?"

"Ilikolea tangu kipande cha kwanza. Ila ningesema imekolea, ungeniita tena lini?"

Ndugu zangu, mmemsikia? Miaka mitatu mtu anangoja kuulizwa chumvi! Na sisi je? Tunadhani wazee wetu walituachia nyama tu. Walituachia sababu ya kusimama karibu na mtu tuliyemnunia, na sisi tunakwenda kununua vifungashio, kila mtu akale kwake mlango umefungwa. Halafu tunapiga magoti kumwomba Mungu amani!

Leo hakuna kufungasha. Kila mmoja amtafute yule anayemkwepa, amlishe kipande kwa mkono wake.

Mnacheka? Basi naanza mimi. Mwalimu wa kwaya, wewe na mimi hatujasalimiana tangu Pasaka, na kosa lilikuwa langu. Tukitoka hapa, anayemalizia kuchoma ni mimi. Njoo usimame upande wa pili, uniambie chumvi. Na tafadhali, baba, usiseme mapema kwamba imekolea.