Kifo cha Mbuga na Majani ya Ngitili

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Wasukuma, ng'ombe alikufa. Mashahidi wote wanakubaliana juu ya mambo matatu: kwamba aliitwa Mbuga, kwamba alikufa akizaa, na kwamba siku hiyo ngitili ilikuwa tupu. Mengine yana ubishi, nami nitayasema kama nilivyoyapokea.

Mbuga ndiye jike pekee aliyesalia katika zizi la Gamaya baada ya ukame. Walikuwapo pia maksai wanne. Gamaya aliwatoa wote wanne kuwa bei, akaleta dume la mbegu kutoka nchi yenye mvua, dume mrefu hata Mbuga akaweza kupita chini ya kidevu chake bila kuinama. Wapo wasemao alipita chini ya tumbo. Sikumpata aliyeona.

Ngitili, kwa asiyejua, ni malisho yanayofungwa tangu masika ili kiangazi yawafae ndama na majike wenye mimba. Hiyo ndiyo desturi. Lakini dume alipoanza kukonda, Gamaya aliogopa kuchekwa, akamfungulia yeye.

Majani ya nje yalipokauka, Mbuga, akiwa na mimba, alimwendea Gamaya.

"Bwana wangu, nipe majani ya ngitili."

"Mbegu ni ya dume," Gamaya akajibu. "Wewe ni mfuko tu."

Mbavu zilipoanza kuhesabika, alimwendea tena.

"Bwana wangu, nipe majani ya ngitili."

"Mbegu ni ya dume. Wewe ni mfuko tu."

Ndama alipokuwa mzito hata miguu ya mama ikatetemeka, alimwendea mara ya tatu, na safari hii hakuomba.

"Ulichoweka ndani yangu ni kikubwa kuliko mimi," akasema. "Kinakula nini, Bwana?"

Gamaya alijibu lile lile. Mkewe, Nkwimba, alikuwa akisikiliza.

"Baba Limi," akauliza, "na mimi nilikuwa mfuko?"

Gamaya alicheka. Hilo halikanushi.

Siku ya kuzaa, asubuhi zilionekana kwato. Mchana ikaonekana pua. Jioni Mbuga hakuwa tena na nguvu ya kusukuma. Ndama alivutwa kwa kamba: mzuri, mwenye mifupa minene ya baba yake, naye alikuwa amekufa. Mama alimfuata kabla hajamlamba.

Dume alipoulizwa, alisema alifanya aliloletewa na alikula alichopewa. Gamaya alisema alitaka uzao mkubwa, kama mfugaji yeyote. Nkwimba aliosha kibuyu cha maziwa, akakitundika ukutani mdomo chini, na mwanawe Limi akaacha kuomba maziwa.

Dume yungali zizini. Hulia akiita, na hakuna jike wa kumwitikia.

Hadithi yangu inakoma hapo, penye zizi la dume mmoja. Sikutoa hukumu. Wewe uliyeota moto huu pamoja nami umesikia pande zote. Sema basi: nani alimuua Mbuga?