Mkaja Mmoja, Washikaji Watatu

Sogeeni, sogeeni mkekani. Anayetafuna muwa ateme makapi. Mwenye kikohozi akohoe sasa kiishe, na aliyekalia kanga ya mwenzake ajiinue. Kimya kije kikae nasi. Kimekaa? Haya.

Hapo zamani, kabla ya kuku na kabla ya yai, na asiulize mtu kipi kilitangulia, mbingu ilikuwa ua mmoja, na katikati ya ua palikuwa na jiko. Jiko hilo ndilo Jua. Halipulizwi, haliongezwi kuni, na mpishi wake hakuna aliyemwona akinawa mikono. Jamaa walilizunguka, kila mtu kwa umbali wake. Zuhura alipenda kuota moto, akasogea mno. Sufuria yake ikakauka, ikaungua, na hadi leo kwake kunanuka moshi. Mirihi alikaa pembeni kwa haya zake, akapigwa na baridi. Dunia akakaa kati, pale penye moto wa kupalia wali: hauunguzi, wala hauachi kiini.

Akiwa hapo, Dunia akashika mimba. Mtoto alimpa jina kabla hajamwona: Uhai. Ila hakuwa na raha. Mimba ya Zuhura iliungulia tumboni, ya Mirihi ilikauka, na ua wenyewe ulikuwa mpya. Mafundi waliondoka bila kuzoa kifusi, mawe yakawa yanaruka huku na huku hayana mwenyewe. Dunia alikaa mkono tumboni, kila kishindo akisema, hili ndilo la kwangu.

Jamaa zake wa karibu walikuwa watatu.

Wa kwanza ni kaka yake, Mshtarii. Mnene. Si unene wa kusema fulani ameshiba. Ukianza kumpita asubuhi, unamaliza kumpita alasiri. Na ukimbonyeza hugusi mfupa, upepo mtupu. Wa pili ni mke wa Mshtarii, Zohali, naye ana mwili wake, lakini mwepesi hivi kwamba ukimtia kwenye karai la maji ataelea. Dunia alimwita wifi, naye akamwita wifi, na mnamjua wifi: anakupenda huku anachungulia chungu chako. Wa tatu ni mdogo wake Dunia, Mwezi, mwenye uso wa ndui. Huyu alizaliwa siku Dunia alipopigwa dafrau na jiwe kubwa kuliko yote. Kilichomeguka ubavuni ndiye yeye. Kwa hiyo ni mdogo wake na ni nyama yake.

Uchungu ukaja. Dunia akaandaliwa mkaja wa kufungwa akishajifungua, ule utepe mrefu wa kiunoni unaorudisha tumbo na kusimamisha mgongo. Wake ulikuwa mweupe, umefumwa kwa barafu na vumbi laini, unang'aa. Na desturi ya ua ule ni kwamba siku ya arobaini mzazi huufungua akampa mtu mmoja, na aliyepewa huwa mama wa pili wa mtoto. Hata kama ana ndevu.

Mwanamke mwenye uchungu husema mengi. Wengine hutukana mpaka mashemeji. Dunia alisema neno moja tu, lakini alilisema kwa sauti: "Aliyeshika, mkaja ni wake. Kuweni mashahidi."

Wote wakasikia. Sasa tazameni walivyoshika.

Mshtarii alikuwa mbali, harufu ya jikoni ikamfikia. Akainuka. "Nakwenda kuonja tu," akasema. Akaja anabingirika, njiani akamkuta Mirihi na sahani yake, akaifuta. Akaendelea kuja, na mbele yake ndipo alipolala mzazi. Zohali akamdaka pindo la kikoi.

"Bwana we, rudi. Huko kuna mzazi."

"Niachie, nitabaki uchi."

"Baki uchi, lakini rudi."

Akavuta. Kikoi kikalia, Mshtarii akageuka nusu, akarudi kinyumenyume kashika kiuno, akakaa mlangoni pa ua kama mtu aliyekusudia kukaa hapo tangu mwanzo. Zohali hakuliachia pindo.

Mawe yakaja. Mshtarii, kwa kuwa yuko mlangoni na mdomo uko wazi, akayapokea. Pu, likaingia. Pu, likaingia. Mengine aliyapiga kikumbo yakarudi yalikotoka. Mengine yalimponyoka yakatua kwa Dunia, na humo yakawemo yenye barafu tele, yakayeyuka, ndiyo maji mtoto aliyokuja kunywa.

Na Mwezi je? Mwezi alimshika dada yake mabegani. "Tulia, dada. Usilale mzima upande huu, upande huu utaungua na ule utaganda. Inama kidogo tu, hivyo hivyo." Dunia akatulia, kainama kidogo. Na Mwezi akamkanda kwa maji, asubuhi na jioni, maji kujaa, maji kupwa, kama anavyokandwa mzazi yeyote mwenye watu wake.

Uhai akazaliwa. Alikuwa mdogo, utelezi mtupu, hana sura ya kumsifia. Dunia akamwona mzuri.

Siku ya arobaini mtoto alikuwa ameshakua, maana arobaini za huko ni ndefu. Alikuwa na mijusi yake mikubwa kama nyumba, akiichezea. Jamaa wakaja.

Mshtarii akaanza. "Mlango nani alishika? Hili tumbo mnalolicheka ni makaburi ya mawe. Moja tu lingetua kitandani, leo tungekuwa tunakunywa kahawa ya matanga. Nilishika. Mkaja wangu."

Zohali akacheka kwa puani. "Na wewe nani alikushika? Ulikuwa unakwenda jikoni, bwana, shingo mbele kama bata. Mirihi wa watu umemlia riziki yake, mpaka leo mbavu nje. Mlinzi wenu huyu ni mwizi aliyeshikwa mapema. Nilishika. Mkaja wangu."

"Na maji ya mtoto nani aliyaleta?"

"Yalikuponyoka. Mtu hajisifu kwa kilichomponyoka."

Mwezi alikuwa bado kamshika dada yake mabegani. "Kaka ameshika mlango," akasema. "Wifi ameshika kikoi. Mimi nimemshika yeye. Na bado nimeshika. Nikiachia niwaoneshe vidole vyangu, anapepesuka."

Mshtarii akasema akikosa mkaja atauacha mlango wazi. Zohali akasema akikosa ataachia kikoi, na kila mtu aweke chakula chake juu ya paa. Mwezi akasema, "Mimi nikikosa nitachoka. Lini, sisemi."

Dunia akajaribu kukumbuka siku ile alimkusudia nani. Hakumkusudia mtu. Alikuwa na maumivu na alikuwa na neno, na neno lilitangulia kutoka. Akampa mtoto titi, akawatazama wote watatu, akauliza taratibu:

"Na mimba alishika nani?"

Mshtarii akajikuna. "Aa, mdogo wangu, hapo unatuchezea. Mtu hajipi zawadi mwenyewe."

Dunia akapima. Akimpa mmoja, wawili wanaachia, mtoto anakufa. Akiwanyima wote, wote wanaachia, mtoto anakufa. Basi akaufungua mkaja kiunoni, akaukusanya, akaurusha juu katikati ya ua.

"Nilisema aliyeshika. Haya. Shikeni."

Mkaja ukapita juu ya kichwa cha Mwezi, karibu kabisa, ungemgusa paji la uso. Mwezi hakuinua mkono. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Zohali akaachia kikoi akaruka. Ni mwepesi, mnajua. Akaudaka.

Mshtarii naye aligeuka kuudaka, na papo hapo jiwe likapita nyuma ya sikio lake. Likaenda, likaangukia mijusi. Mavumbi yakafunika ua wote, jiko lisionekane. Mshtarii anasema aliyumba kwa sababu kikoi kiliachiwa. Zohali anasema hakuyumba, alikuwa anautazama mkaja. Dunia alikuwa kifudifudi juu ya mwanawe. Vumbi lilipotua, akachungulia. Mtoto alikuwa na mchubuko kutoka kichwani hadi miguuni, na alikuwa analia. Anayelia yu hai.

Hakuna aliyesema tena habari ya kuachia. Zohali akakishika kikoi upesi, Mshtarii akarudi mlangoni.

Yakagawanyika hivi. Zohali alirithi mkaja, kaufunga kiunoni hadi leo, anang'aa nao, na mtoto hana. Mshtarii alirithi mlango, na doa jekundu la aibu tumboni lisilofutika kwa sabuni. Mirihi alirithi njaa. Mijusi ilirithi mashimo, na mashimo yakarithiwa na panya waliokuwa wamejificha, na panya wakazaa wakazaa mpaka wakatupata sisi. Msitazamane hivyo, ndugu ni ndugu. Mwezi hakurithi kitu. Bado kamshika dada yake, uso kwa uso, mgongo wake Dunia hajauona. Ila kila mwaka anasogea nyuma upana wa vidole viwili, kama mgeni anayetaka kuondoka na haoni pa kuagia.

Mshtarii alishika mlango, Zohali akamshika Mshtarii kisha akaushika mkaja, Mwezi alishika asiachie, na mimba ilishikwa na mwenyewe. Haya, ninyi vijukuu vya panya, ule mkaja nani alistahili kuufunga?