Majani Yasiyoliwa

Asubuhi za Karuba huanza kwa ukungu. Hutanda juu ya vilima kama maziwa yaliyomwagika, ukifunika mashamba ya viazi na njegere, na ng'ombe husikika kabla hawajaonekana. Katika miaka ile iliyofuata vita kuu ya Wazungu, watu wengi walipanda huko kutafuta malisho. Mmoja wao alikuwa Karangwa.

Karangwa alikuwa amechoka kuishi chini ya bati. Kwa miaka mingi alibeba magunia katika ghala la kahawa kule Goma, akilala na mkewe Thacienne katika chumba cha kambi ya wafanyakazi, ambamo jirani akikohoa wewe ndiwe unayeamka. Jasho lao wote wawili lilizaa ng'ombe wawili, Gaju na Bihogo, na Gaju alikuwa na ndama wa kike. Hao ndio waliokuwa mali yao yote. Wakifa, hakuna kurudi ila kwenye magunia.

"Sasa nitaishi inje," Karangwa alimwambia mkewe. "Nione mbingu, nisikie upepo. Sitaki tena ukuta wa muntu."

Walifika Karuba kwa Papa Mbonigaba, mkulima mwenyeji aliyekuwa na kipande cha kilima cha kupangisha. Kodi yake ilikuwa maziwa kidogo na msaada wakati wa kulima. Kipande chenyewe kilikuwa chembamba kama mshipi, kimebanwa kati ya kundi la jirani huyu na shamba la yule. Watoto walikimbizana, mbuzi walilia, na majani yalikuwa mafupi kama nywele za mtu aliyenyolewa juzi.

Thacienne hakuwa mwepesi wa kusema. Alikuwa mtu wa kutazama. Aliona njia ya kisimani imekanyagwa hadi ikang'aa. Aliona samadi mbichi kila mahali, na mama mmoja akimkamulia jirani aliyeshikwa na homa ng'ombe wake.

"Hapa panatosha," akamnong'oneza mumewe.

"Panatosha nani?" Karangwa akacheka. "Nimetoka kufinywa na magunia, nifinywe tena na mbuzi? Wakati tulikuwa tunapanda, kule chini upande wa Sake, hukuona ile bonde? Majani inafika kifua. Hakuna muntu, hakuna makelele."

Papa Mbonigaba alisikia. "Ile bonde iko na mazuku, mutoto wangu. Sisi hatuchungi kule."

"Mizuka?" Karangwa akatabasamu. "Papa, mimi nilibatizwa. Mambo ya mizuka niliiacha siku padri alinimwangia maji."

"Sikusema mizuka. Nilisema mazuku."

"Hao ni ndugu, Papa. Baba mumoja, mama mumoja."

Mzee akashika jembe lake. "Kipande changu kiko pale. Nitamupa mwenye kukitaka. Sitapigia muntu magoti."

Basi wakashuka. Thacienne alifuata nyuma na ndama, akiwaza kwamba mumewe alikuwa na masikio mazuri, ila yalisikia nusu ya neno.

"Wanatuonea wivu," Karangwa alisema. "Wanafichia ng'ombe zao ile majani."

"Kama wanazifichia, mbona haziikuli?"

Swali lilimchoma Karangwa kama mwiba, naye akazidi kutembea juu yake.

Jioni walifika kwenye ukingo wa bonde, pale penye mawe meusi ambayo mlima wa moto uliyatapika zamani. Thacienne akakataa kushuka gizani. Wakawasha moto pale pale, wakalala.

Alfajiri hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi. Thacienne akachukua kizinga cha moto, akateremka hatua chache peke yake. Hapakuwa na samadi. Hapakuwa na njia. Hata panzi hakulia. Juu ya jiwe alikuta ndege mdogo amelala, manyoya yake mazima, hana jeraha. Akasimama. Akanyoosha mkono, akakishusha kizinga hadi kwenye majani. Mwali ukafa kama uliotumbukizwa majini. Akapanda, akakiwasha upya, akarudi kujaribu. Ukafa tena.

"Bwana, moto inakufa kule chini," alimwambia mumewe.

"Ni umande."

"Na ndege?"

"Hata ndege wanazeeka."

"Basi ng'ombe hazishuki." Thacienne akasimama katikati ya njia, akaiziba kwa fimbo ya kuchungia. "Utanitukana, utanipiga, lakini hazipiti. Kuni nilizouza Goma ziko ndani ya hizi ng'ombe."

Karangwa alimtazama. Hakuwahi kumwona mkewe akisimama hivyo, kama mti uliokwisha kuamua upande wa kuota. Kwa aibu na ukaidi, akafanya ishara ya msalaba na kumshika ndama peke yake. "Nitashuka na huyu. Kisha utaona haya."

Alishuka. Majani yakamfika magotini, kisha kiunoni. Ndama, kwa ufupi wake, akazama ndani yake. Hakulia. Miguu yake ililegea, akalala chini kama aliyeshikwa na usingizi. Karangwa alidhani amejikwaa, akainama kumwinua. Hapo kifua kikambana, masikio yakavuma, na bonde likaanza kuzunguka.

"Usiiname," Thacienne akaita kutoka juu. "Simama wima. Mwache."

"Ni ndama yetu..."

"Mwache, Karangwa."

Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina. Jina hilo likamwinua kichwa. Thacienne akafungua kamba ya Bihogo, akamtupia mumewe ncha moja. Karangwa akaizungusha mkononi, naye mkewe akakita visigino kwenye mawe meusi, akavuta mpaka mumewe akafika ukingoni akitapika. Ndama hakuinuka. Gaju alitaka kumfuata mtoto wake, na ilibidi wote wawili wamng'ang'anie hadi jua lilipotoka na upepo kuanza kuvuma.

Walipanda tena Karuba. Papa Mbonigaba aliwasikiliza bila kucheka.

"Mazuku si shetani," akasema. "Ni hewa mubaya. Asubuhi inalala ndani ya shimo kama maji, na mwenye kuinama ndiye anaikunywa."

"Na kile kipande, Papa?" Karangwa akauliza, macho chini.

"Jana mufugaji mumoja, Sebahire, alikuja na ng'ombe zake. Nilimupa. Wewe ulisema kinakufinya. Imebaki mugongo wa kilima, kule juu. Baridi iko, na kisima iko mbali sana."

Karangwa akamgeukia mkewe.

"Tutakaa," Thacienne akasema. "Gaju na Bihogo wangali hai."

"Basi maji nitabeba mimi," Karangwa akasema.

Na akabeba. Kila asubuhi alipita na mtungi begani kando ya kipande kile chembamba, ambapo ndama wa Sebahire walirukaruka karibu na kisima, na wanawake waliochota maji wakamchokoza.

"Papa Karangwa, ndio wewe uliolewa?"

"Ndio mimi," alijibu bila kusimama. "Munipishe, kilima iko murefu."

Kisha akaendelea kupanda, maji yakimlowesha mgongo. Hakuna aliyempeleka bondeni. Kiti alikuwa amepewa, akakisukuma kwa mguu wake mwenyewe. Mkataa pema, pabaya panamwita.